Nta Inayoshika Majini

Mwalimu Salwa aliingia darasani jioni ile akiwa na kikopo kitupu mkononi. Alikigeuza juu chini mbele yetu, akakigonga mara kadhaa, hakikudondoka kitu.

"Nta imekwisha," alisema. "Na Jumamosi tunakwenda Mtera."

Moyo wangu uliruka, na haukurukia nta. Ulirukia Mtera. Tangu tuanze masomo yale ya jioni tulikuwa tukiisubiri safari hiyo kama watoto wanavyosubiri Krismasi.

Tulikuwa tunajifunza kutengeneza nzi wa kuvulia samaki. Unabana ndoana kwenye jiliwa, kibanio kidogo cha chuma, unaifungia manyoya kwa uzi mwembamba, unaendelea kufunga na kukaza mpaka chuma kinafanana na mdudu. Samaki akimwona majini anadanganyika, anameza. Kuna watu duniani wanaovua kwa kujifurahisha tu, hawataki minyoo wala nyavu, wanataka nzi wa namna hii, na wanawataka wengi. Mwalimu Salwa alijifunzia kazi hiyo Kenya, akarudi kwao Dodoma mjini, akafungua karakana katika chumba cha nyuma cha nyumba ya marehemu baba yake. Kazi aliyoletewa ilizidi mikono aliyokuwa nayo. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa alituambia: "Atakayenifungia nzi asiyefumuka ndani ya maji ya Mtera, nampa meza hapa kwangu, afanye kazi. Atakayefumukiwa, tutaonana darasa la mwakani."

Mimi naitwa Penina, ila wengi wananiita Mama Gerson. Kwa miaka mingi nilikuwa kibarua wa mizabibu kule Makutupora, na msimu ukiisha kibarua nacho kinaisha. Shule niliiacha nikiwa mdogo. Kusoma kwa kunyooka nimejifunza ukubwani, kwenye madarasa ya jioni ya kanisani, nikiwa tayari bibi wa wajukuu, na tangu hapo sijaweza kuacha kujifunza. Kila nilipotoka nyumbani kwenda kwa Mwalimu Salwa nilipiga magoti kwanza kando ya kitanda: "Bwana, vidole hivi ni vyako. Vimechelewa kuanza. Vifundishe upesi." Nilitaka moja ya meza zile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote tangu niolewe.

Na sasa nta imekwisha.

Mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi hii atauliza nta ya nini. Uzi mtupu unateleza. Ukiupaka nta unanata kidogo. Hapo unachukua manyoya ya sungura, unayagusisha kwenye uzi kidogo kidogo, unasokota kwa vidole viwili, nayo yanaushika uzi na kuwa kijikamba chenye manyoya. Kijikamba hicho ndicho unachokizungusha kwenye ndoana, na mdudu anapata mwili. Bila nta, manyoya yanapeperuka yote. Na ilikuwa Julai, miezi ya ule upepo wetu wa Dodoma unaopenya hata kwenye tundu la ufunguo.

"Mimi ninayo," alisema Harithi. Harithi alikuwa fundi viatu wa sokoni, mtu wa mdomo mwepesi, niliyekaa naye meza moja. Alitoa mfukoni donge jeusi la nta anayoshonea soli. Akapaka uzi, akasokota, akamfunga nzi wake, akamwinua tumwone.

"Huyo ni nzi au ni mende aliyetoka gereji?" nilimuuliza.

Darasa lilicheka. Nta ile ilishika kweli, lakini manyoya yote yaligeuka rangi ya lami.

"Cheka, Mama Gerson," alisema Harithi. "Nyinyi Wagogo mto wenu ni mchanga mwaka mzima. Utajuaje samaki anapenda rangi gani?"

"Na wewe wa mjini samaki umemwonea kwenye sufuria tu, tena kashakatwa kichwa."

Mwalimu Salwa alitutuliza, lakini na yeye alikuwa anacheka. "Nta ya nje haitafika kabla ya Jumamosi," alisema. "Kila mtu atafute yake. Nani ana ndugu mfuga nyuki?"

Nilinyoosha mkono juu kabisa, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kaka yangu Meshack ana mizinga kijijini kwetu Fufu. Tena donge la nta nilikuwa nalo nyumbani! Aliniachia alipokuja kwenye harusi, na mimi nililitia kwenye kikopo cha maziwa na kulisahau juu ya kabati.

Jioni iliyofuata niliingia darasani nimelikumbatia donge lile. Lilikuwa la rangi ya kahawia, laini, linanukia vizuri. Nilipitisha uzi juu yake mara moja tu. Nikagusisha manyoya. Jamani, yalinasa! Yalinasa kama chawa. Nilisokota, nikazungusha, nikamaliza kwa unyoya wa kanga wenye madoadoa, na nzi aliyetoka pale kwenye jiliwa alikuwa mzuri mpaka nikaogopa kumshika.

"Haleluya," nilisema, na sikusema polepole.

Harithi alisogea. Alimtazama nzi wangu, akatazama mende wake. "Nikatie kidogo, dada."

Nilimkatia. Nikawakatia wote. Darasa zima likawa linasokota na kusifu, Mwalimu Salwa akipita nyuma yetu akisema, "Haya, haya, mmeona?" Jua lilikuwa bado halijazama na dirisha lilikuwa wazi. Nilikuwa katikati ya nzi wangu wa tatu niliposikia mlio sikioni. Niliufukuza kwa mkono. Mlio ukarudi na mwenzake.

"Mama Gerson," alisema Harithi taratibu, kama mtu aliyeelekezewa bunduki, "nzi wako wameanza kuruka wenyewe."

Walikuwa nyuki. Wawili, kisha kumi, kisha sikuweza kuhesabu. Julai hakuna ua linalochanua Dodoma, nyuki wana njaa, nao walitua moja kwa moja kwenye nzi wetu, kwenye nyuzi, kwenye vidole vyetu. Mtu alipiga kelele. Viti vilianguka. Tulitoka mbio uani, Harithi akiwa amejifunika kichwa kwa aproni ya Mwalimu, na Mwalimu mwenyewe akicheka huku analia kwa kuumwa kwenye shavu.

Giza lilipoingia nyuki wakaondoka, tukarudi. Mwalimu Salwa alikuja kwenye meza yangu. Alichukua glasi ya maji, akamshika nzi wangu mzuri kwa koleo, akamtumbukiza. Maji yakaingia rangi ya chai. Manyoya ya sungura yakaachia uzi, yakaelea juu, yakasambaa. Kwenye koleo ilibaki ndoana na uzi mtupu, na unyoya wa kanga ukining'inia.

"Onja donge lako," aliniambia.

Nilionja. Lilikuwa tamu.

Ilikuwa asali! Meshack aliniachia sega lililokamuliwa, ambalo bado halijachemshwa wala kuchujwa, na mimi, binti wa mfuga nyuki, nilifurahia kunata bila kujiuliza kunata huko kunatoka wapi. Kilichoshika manyoya kilikuwa asali, na asali ikiona maji inakwenda zake.

"Umetuokoa, Mama Gerson," alisema Mwalimu Salwa, akijipapasa shavu. "Tungeyajua haya Mtera, sote tungerudi mikono mitupu. Bado kuna siku chache. Kachemshe nta yako."

Usiku ule sala yangu ilikuwa fupi. "Bwana, sikuombi samaki. Naomba manyoya yasiachie. Amina."

Alfajiri nilipanda basi la Iringa, nikashuka Fufu. Mwalimu aliahidi kunipitia Jumamosi asubuhi, kwa kuwa kijiji chetu kiko njiani kwenda Mtera. Nilimkuta Meshack uani. Nilipomweleza habari za nyuki darasani alikaa chini kabisa, akacheka huku anapiga mapaja.

"Dada, umesoma mpaka umesahau kuchemsha nta?"

"Nimesahau kukuuliza. Leta sufuria."

Tulichemsha masega kwa maji, tukachuja kwa khanga kuukuu, tukaacha yapoe. Nta ikaganda juu, ya njano, safi, haina hata harufu ya asali. Niliosha mikono, nikafunga jiliwa langu kwenye ukingo wa benchi, nikapaka uzi. Uzi ukawa laini na wenye nguvu. Nikagusisha manyoya, na upepo ukayachukua.

Nikajaribu tena. Yakaanguka. Nta safi ilikuwa inateleza! Iliutunza uzi vizuri, lakini haikunata. Kwa hiyo ile asali niliyoitoa ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi yote, na asali haifai. Nilikaa pale na uzi wangu, nikahisi meza ya Mwalimu Salwa inasogezwa mbali nami na mtu nisiyemwona.

Sikulia. Niliinamisha kichwa palepale kwenye benchi, nikasema, "Bwana, mimi nimefika mwisho wa akili yangu. Nionyeshe." Kisha nikatega sikio, maana nimejifunza kwamba mtu akiuliza inafaa asubiri.

Kando yangu Meshack alikuwa anasafisha mzinga mtupu, gogo ambalo nyuki walilihama, ili auandae kwa msimu. Alikuwa akikwangua ukingo wa mfuniko kwa kisu na kunung'unika.

"Hii takataka nayo! Tazama kisu changu. Wanaziba nayo kila ufa. Ikikushika mkononi, sabuni haitoi, maji ndiyo kabisa hayatoi."

Niliinua kichwa. "Umesemaje?"

"Nasema gundi ya nyuki hii. Haitoki."

"Hata kwa maji?"

"Wewe nawa wiki nzima, utaniambia."

Nilimnyang'anya kisu. Kwenye ncha yake kulikuwa na utomvu mzito, wa rangi ya kahawia iliyokolea. Nyuki huutoa kwenye miti na kuuleta nyumbani. Niliuminya kati ya kidole gumba na cha shahada. Vidole viligandana. Nilivichovya kwenye ndoo ya maji, nikavisugua. Bado viligandana.

"Meshack!" nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Kwangua! Kwangua yote! Usitupe hata chembe!"

"Dada, una nini?"

"Kwangua kwanza, utauliza baadaye!"

Tulirudi kwenye moto mbio. Niliyeyusha nta safi, nikatia gundi ya nyuki, nikakoroga kwa kijiti. Ile ya kwanza niliizidishia gundi: uzi ulinishika vidole, na Meshack akalazimika kuukata kwa wembe. Ile ya pili ilikuwa nzuri kwenye joto la mchana, lakini jua lilipoinama na baridi kuingia ikawa ngumu, ikapasuka kama ganda la yai. Nikafikiri kama ninavyofikiri jikoni. Kitu kikiwa kikavu unakiongezea mafuta. Nilitia matone ya mafuta ya alizeti, machache tu, nikamimina kwenye kifuniko cha chupa, nikasubiri huku miguu ikinicheza.

Nilipaka uzi. Nikagusisha manyoya, nikaondoa mkono. Upepo ulikuja. Manyoya yalitikisika, hayakuanguka.

Nilisokota, nikazungusha, nikafunga fundo. Nikamtumbukiza nzi kwenye ndoo, nikamkoroga kwa kijiti kama ugali. Nikamtoa, nikamfyonza maji kwa ncha ya khanga. Alikuwa na mwili wake wote. Nikamrudisha tena ndani. Meshack alichungulia ndoo, akanichungulia mimi.

"Kumbe tumekuwa tukitupa?"

"Miaka yote!" nilisema, na nikamshika mikono, nikacheza naye kuuzunguka moto, mzee mzima na mvi zake.

Jumamosi asubuhi baridi ilikuwa kali na nta yangu ilikuwa imekaza, kwa hiyo niliifunga kwenye pindo la khanga, karibu na mwili, ipate joto. Noah ya Mwalimu ilipofika Harithi alifungua mlango kabla haijasimama vizuri.

"Shikamoo, Mama Gerson," alisema Mwalimu Salwa. Shavu lake lilikuwa limepona.

"Marahaba, mwanangu."

"Leo kuna nyuki wangapi humo?" aliuliza Harithi.

"Kaa mbali na khanga yangu," nilimjibu, na safari nzima hakupata kuambiwa kilichomo.

Bwawa la Mtera sikuwahi kulisogelea hivyo. Maji mengi namna ile katika nchi yetu kavu! Mbali na ukingo mashina ya miti ya zamani, iliyozama bwawa lilipojaa, yalichomoza majini kama vidole vyeusi. Mwalimu Salwa alichagua mahali penye mawe, akaunganisha ufito wake mrefu na mshipi, akaanza na nzi wa Harithi. Harithi alikuwa amemfunga upya kwa manyoya meusi, ili lami isionekane, na nilikubali moyoni kwamba ni akili nzuri. Mshipi uliruka nyuma, ukaruka mbele, nzi akatua. Akavutwa polepole. Mara ya tatu akanasa kwenye shina. Mwalimu akavuta, akavuta, mshipi ukakatika. Nzi wa Harithi akabaki kule.

"Hajafumuka!" alilalamika Harithi. "Yupo kule mzima!"

"Kamlete tumwone," alisema Mwalimu.

"Kuna mamba."

"Basi hesabu hajarudi. Una wengine. Mama Gerson?"

Nilimpa nzi wangu. Nilikuwa nimewafunga wengi na kuwafungua, mpaka nikapata huyu mmoja: mwili wa sungura wa kijivu, unyoya wa kanga, kichwa kidogo. Mwalimu alimfunga kwenye mshipi. Alitupa. Alivuta. Alimtoa, akamtazama, akatupa tena. Nilihesabu kwa kusema "Bwana" kila nzi alipogusa maji. Kisha mshipi ukakaza na haukurudi.

"Amenasa," alisema Mwalimu Salwa.

Palepale, kwenye mashina yaleyale! Alivuta upande huu, akavuta upande ule. Nilimwona kwa macho ya moyo, nzi wangu akikwaruzwa kwenye gome, manyoya yakichunika. Harithi alisimama kando yangu na safari hii hakufanya utani.

"Legeza kwanza, Mwalimu," alisema. "Kama uzi wa soli. Ukikaza unajifunga."

Alilegeza. Akazunguka juu ya mawe mpaka upande wa pili, akavuta kwa kushtukiza. Mshipi ukaruka hewani, na ncha yake ikaja ikining'iniza kitu kidogo.

Mwalimu Salwa alimkamata nzi, akamweka kiganjani. Unyoya wa kanga ulikuwa umekatika nusu. Kichwa kilikuwa na mkwaruzo unaoonyesha chuma. Akaubinya mwili kwa kucha, akausukuma mbele, akausukuma nyuma. Akauvuta. Mwili haukusogea. Sungura wote alikuwa palepale nilipomweka.

"Umepaka nini?" aliuliza.

"Gundi ya nyuki," nilisema, na sauti yangu ilikuwa juu mno. "Nta safi, na gundi ya nyuki, na alizeti kidogo. Iko hapa! Ishike, ina joto!"

Aliipokea, akaiminya, akapitisha uzi juu yake, akatikisa kichwa kwa furaha. Kisha akanifungia nzi yuleyule, nusu unyoya, na kuniwekea ufito mkononi.

"Mimi? Sijui kutupa."

"Leo utajua. Fundi wangu lazima ajue."

Nilikuwa tayari nimeinua ufito ndipo neno lile likaniingia. Fundi wangu. Niligeuka kumtazama na ufito ukaenda wenyewe, vibaya kabisa, mshipi ukaanguka karibu na miguu yangu kama tambi. Harithi alifungua mdomo kucheka. Hakuwahi. Maji yalifumuka mbele yangu, na ufito ukainama.

"Vuta!" alipiga kelele Harithi. "Vuta! Usivute! Legeza! Vuta!"

"Niache!"

"Kichwa juu! Cha ufito, siyo chako!"

Kitu hai kilikuwa kinaniambia habari kupitia mkononi mpaka begani. Kilikimbia kushoto, nikakifuata juu ya mawe na khanga ikinifunguka. Kilikimbia kulia. Nilirudi nyuma, nikaanguka kwa matako, sikuachia. Mwalimu Salwa aliingia majini na viatu vyake na kumsukumia nchi kavu kwa mikono miwili: perege mpana, wa rangi ya fedha na zaituni, akipigapiga mkia kwenye mawe. Kwenye mdomo wake alikuwepo nzi wangu, katafunwa, kalowa, kapoteza unyoya wote, na mwili wake wa kijivu ukiwa umekaza kama siku niliyomfunga.

Nilipiga kigelegele. Wavuvi walio mbali kwenye mitumbwi waligeuka. Nilisema, "Asante, Bwana Yesu, asante," kwa sauti kubwa, nikiwa bado nimekaa chini kwenye tope, na machozi yakishuka bila mimi kuyaita.

"Jumatatu uje asubuhi, siyo jioni," alisema Mwalimu Salwa, akikamua sketi yake. "Na uje na nta nyingi."

Harithi alikuwa amekwisha kutoa jiliwa lake kwenye mfuko na kulibana kwenye mlango wa gari. Ndoana mpya ilikuwa tayari mdomoni mwake.

"Dada Penina," alisema huku ndoana ikiwa bado menoni, "bado jua lipo. Nikatie kidogo."

Nilijivuta, nikasimama, nikafungua pindo la khanga.